Bango la vidakuzi kwenye tovuti ya kliniki: ondoa kwanza, ridhaa ifuate

Mkuu, umeuliza kama tovuti ya kliniki yako ya meno hapo Kondoa inahitaji bango la kuomba ridhaa ya vidakuzi, na kama inatosha kununua programu-jalizi (programu ndogo ya kuongezwa kwenye tovuti) aliyokupendekezea fundi wako. Mimi nasimamia tovuti ya kliniki ndogo ya mama na mtoto hapa Dodoma mjini, ambayo niliikuta imeshajengwa na mtu mwingine, kwa hiyo nitajibu kutokana na yale niliyoyakuta humo. Kwa kifupi, programu hiyo isubiri, kwa sababu kliniki nyingi ndogo zinaomba ridhaa kwa ajili ya vitu ambavyo hazikuwa na haja navyo tangu mwanzo.

Kidakuzi ni maandishi mafupi ambayo tovuti huyaacha ndani ya kivinjari cha mgeni ili iweze kumtambua akirudi. Kilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa kampuni ya Netscape, na kwa kazi ya kukumbuka tu hakina ubaya wowote. Mgonjwa wako akijaza fomu ya miadi yenye kurasa mbili, seva inahitaji kujua kwamba aliyefika ukurasa wa pili ndiye yule aliyeanza ukurasa wa kwanza. Kidakuzi cha namna hiyo huisha muda wake kivinjari kinapofungwa, na hata sheria za Ulaya, ambazo ni kali katika jambo hili, hazidai kiombewe ridhaa. Mweleze mgeni kuwa kipo, basi.

Shida iko kwa vidakuzi vya watu wa nje. Nilifungua tovuti yetu kwenye dirisha la faragha la Chrome, nikabonyeza F12, kitufe kinachofungua zana za kukagua ukurasa, na kuangalia orodha ya vidakuzi kabla sijagusa chochote kwenye ukurasa. Nilikuta _ga cha Google Analytics, huduma ya Google ya takwimu za wageni, na _fbp cha pikseli ya Facebook, yaani kipande cha msimbo kinachoipasha Facebook habari za wanaoingia kwenye tovuti, vimeshawekwa, ilhali bango lilikuwa bado liko chini ya skrini likiuliza kama ninakubali. Mgeni alikuwa anaombwa ruhusa ya jambo lililokwisha kutendeka. Kwa kawaida _fbp huwekewa muda wa siku 90 na _ga miaka 2, ingawa Chrome tangu mwaka 2022 haikiruhusu kidakuzi chochote kuzidi siku 400. Bango lenyewe lilikuwa la Kiingereza, lenye kitufe kimoja cha kukubali, na kwenye simu ndogo liliifunika namba ya mapokezi, ambayo ndiyo wageni wengi huja kuitafuta.

Kwa duka la nguo, hayo yangeweza kupita kama uzembe wa kawaida. Kwa kliniki uzito wake ni mwingine, kwa sababu pikseli haipeleki namba ya kidakuzi peke yake, bali hupeleka pia anwani ya ukurasa uliofunguliwa, na anwani za kurasa zetu zilikuwa zimeandikwa kwa majina ya huduma: uzazi wa mpango, kipimo cha VVU, mimba kuharibika. Namba hiyo ikihusishwa na akaunti ya Facebook ya mhusika, kampuni iliyo ng'ambo inapata fununu ya shida ya mgonjwa kabla muuguzi hajamwona. Mwezi Februari 2023, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza hatua dhidi ya GoodRx, kampuni ya huduma za punguzo la bei za dawa, kwa kuzipa Facebook na Google taarifa za afya za watumiaji wake bila idhini yao, na kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 1.5. Hiyo ni kampuni kubwa yenye wanasheria wake, lakini pikseli ni ileile iliyoko kwenye tovuti zetu.

Huku kwetu kuna jambo jingine ambalo waandishi wa programu hizi sidhani kama wanalifikiria, nalo ni simu moja kutumiwa na watu kadhaa nyumbani. Mama akisoma ukurasa wa uzazi wa mpango asubuhi kwa simu ya mumewe, jioni mume anaweza kuletewa matangazo ya huduma hiyohiyo, na mama huyo hatakuwa na njia ya kujua siri yake imetokea wapi.

Kuhusu sheria, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, ambazo uchakataji wake una masharti mazito kuliko taarifa nyingine, ikiwemo ridhaa ya maandishi pale ambapo hakuna msingi mwingine unaotambuliwa kisheria. Kliniki, kama mkusanyaji wa taarifa, inatakiwa pia kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nikiyasoma masharti hayo pamoja, sioni namna kitufe cha "nakubali" kinachobonyezwa ili bango liondoke kinavyoweza kuhesabiwa kuwa ridhaa ya kupeleka habari za ugonjwa nje ya nchi. Kwa sababu hiyo sikuhangaika kutafuta bango zuri zaidi.

Pikseli tuliiondoa kabisa. Mwenye kliniki aliogopa kwamba matangazo yake ya Facebook yatakufa, lakini tangazo linaweza kulengwa kwa wakazi wa Dodoma bila pikseli kuwepo kwenye tovuti. Anachokosa ni kujua nani aliyebofya alifika hadi kwenye fomu, na hilo mapokezi wanaweza kulipata kwa kumuuliza mgonjwa amesikia wapi habari zetu. Takwimu za wageni tulizihamishia kwenye Matomo, programu ya kuhesabu wageni wa tovuti, tukaiweka kwenye seva yetu wenyewe na kuipanga isitumie vidakuzi. Ramani ya Google iliyokuwa imepachikwa tuliibadilisha kwa maelezo ya njia na kiungo cha kawaida. Kitufe cha WhatsApp tulikiacha, kwa kuwa ni kiungo tu ambacho hakifanyi lolote mpaka mtu akibonyeze. Kwenye fomu ya miadi tulifuta kisanduku cha "eleza tatizo lako", ambacho kwa maoni yangu kilikuwa hatari kuliko vidakuzi vyote nilivyovitaja. Fomu sasa inauliza jina, simu na siku anayopendelea, na mengine mgonjwa atamwambia daktari.

Baada ya hapo tulibakiwa na kitu kimoja cha kuombea ridhaa, yaani video ya YouTube kuhusu lishe ya mtoto. Mahali pake pana picha na sentensi mbili za Kiswahili zinazosema kwamba ukiifungua, YouTube inaweza kuweka vidakuzi kwenye simu yako, na chini yake kuna vitufe viwili vyenye ukubwa na rangi moja, "Fungua video" na "Hapana". Usawa huo wa vitufe si urembo. Mamlaka ya Ufaransa inayosimamia faragha, CNIL, ilitangaza Januari 2022 faini ya yuro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook kwa sababu kukataa vidakuzi kulikuwa kugumu kuliko kukubali. Nayo Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la kampuni ya Planet49 la Oktoba 2019, ilishaamua kwamba kisanduku kilichowekewa tiki tayari si ridhaa. Maamuzi hayo hayatufungi sisi, ila kama kipimo cha uungwana yanatosha.

Fundi wako akimaliza kazi, usimlipe kabla hujajaribu mwenyewe. Fungua dirisha la faragha, ingia kwenye tovuti na utazame orodha ya vidakuzi bila kugusa kitu. Kisha kataa, pakia ukurasa upya, utazame tena. Kukionekana jina usilolijua, akueleze ni la nani na linafanya kazi gani. (Kimoja kinachoukumbuka uamuzi wako wa kukataa kinaruhusiwa kubaki, maana bila hicho utaulizwa kila ukurasa.) Weka pia kiungo chini ya kila ukurasa kitakachomwezesha mgeni kubatilisha ridhaa yake wakati wowote bila kuulizwa sababu. Rudia jaribio hilo kila programu-jalizi inapoongezwa au kusasishwa, kwa kuwa baadhi yake huingia na vifuatiliaji vyake vyenyewe bila fundi kugundua.