Ukianza falsafa ya Ulaya bara, anza na Arendt

Wengi tukiingia kwenye falsafa hii, yaani mkondo wa wanafalsafa wa Ujerumani na Ufaransa hasa, tunaanzia kwa Mjerumani Martin Heidegger. Mimi pia. Kitabu chake cha 1927, Being and Time kwa Kiingereza, nilikaa nacho muhula mzima na mlango wa kuingilia sikuuona. Nilikuja kuupata kwa mwanafunzi wake, Hannah Arendt, katika kitabu chake cha 1958 kuhusu hali ya binadamu, The Human Condition.

Kabla ya kukifungua, soma maisha yake. Alikuwa Myahudi, aliyezaliwa Ujerumani 1906. Mwaka 1933 alikimbia nchi yake, na mwaka huohuo Heidegger akajiunga na chama cha Nazi. Mwaka 1940, akiwa Ufaransa, Wafaransa walimzuilia katika kambi ya Gurs. Mwaka uliofuata akafika New York, na hadi 1951 hakuwa raia wa nchi yoyote. Ukiyajua haya, utaelewa kwa nini anashikilia sana kwamba mtu anahitaji mahali pa kuonekana na kusikilizwa na wenzake.

Kiini cha kitabu ni shughuli tatu za binadamu, na hapa Kiswahili kitakupa shida, kwa sababu neno "kazi" linameza mbili za kwanza. Daftarini kwangu ya kwanza niliiita kazi ya riziki: kuchota maji, kupika, kufua. Umemaliza leo, kesho inakungoja palepale. Ya pili ni uundaji: seremala anatoa meza itakayodumu kuliko yeye. Ya tatu ni kutenda: mtu anasimama mbele ya wenzake, anasema, anaanzisha jambo asilojua litafika wapi. Hiyo haifanyiki peke yako. Arendt anaitia mizizi katika kuzaliwa, kwamba kila mtoto anayekuja duniani ni mwanzo mpya, ilhali mwalimu wake alimtazama binadamu kwa kifo chake. Ukurasa huo niliurudia siku kadhaa.

Usikubali kila kitu, lakini. Naona kazi ya riziki ameiweka chini mno. Anayempikia mgonjwa uji anafanya zaidi ya kujaza tumbo.

Soma kurasa kumi kwa siku, penseli mkononi, na kila dhana itafutie neno lako la Kiswahili kabla ya kusoma wafafanuzi. Ukimaliza, chukua mhadhara wa Mfaransa Jean-Paul Sartre wa Paris, 1945, Existentialism Is a Humanism, maana ni mfupi, halafu kitabu cha Mfaransa mwenzake Simone de Beauvoir cha 1949, The Second Sex. Heidegger mrudie baada ya hao.