Pasaka ya matope: je, mlima na mvua vinahubiri?

SWALI: Shikamoo Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni Mlutheri, naishi Moshi mjini ila nyumbani ni Old Moshi. Bibi yangu kila asubuhi hutoka uani, akaelekea Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, na kuomba. Mwenzangu wa kikundi cha maombi ameniambia huko ni kuabudu mlima. Halafu mafundisho mengi ninayoyasoma yanasema Pasaka ni wakati wa maua kuchanua, na Krismasi ni nuru katikati ya giza la baridi. Kwetu Pasaka ni matope na Krismasi ni jua kali. Je, Mkristo anaweza kumsikia Mungu katika majira na uumbaji, au hizo ni mila za kale?

JIBU: Marahaba binti yangu, asifiwe sana.

Nianze na matope. Pasaka ya maua ni picha ya Ulaya, ambako baridi huachia mnamo Machi na Aprili. Siwalaumu, walihubiri walichokiona dirishani kwao. Tatizo ni sisi tulioazima dirisha. Hata tarehe yenyewe, Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21, tumeirithi kutokana na Pasaka ya Wayahudi, na maua hayahusiki.

Nchi ya Biblia nayo iliishi kwa kungoja mvua, kama sisi. Mvua ya kwanza hufungua ardhi mnamo Oktoba au Novemba baada ya kiangazi kirefu, na ya mwisho, Machi na Aprili, hujaza masuke kabla ya mavuno. Katika Yoeli 2:23 Biblia yetu ya Union inaziita mvua ya masika na mvua ya vuli. Na ukifungua Mwanzo 8:22, Mungu anaposema moyoni mwake, baada ya sadaka ya Nuhu, kwamba majira hayatakoma, utakuta "wakati wa kaskazi na kusi". Wafasiri walichukua pepo za pwani, zile zinazoleta na kurudisha majahazi! Kila nikiisoma aya hiyo nafurahi. Baharia wa Lamu hakuhitaji kuelezwa theluji ndipo aelewe uaminifu wa Mungu.

Basi na wewe soma ya kwenu. Jumatano ya Majivu hutukuta Februari au mwanzoni mwa Machi, vumbi limetanda hadi kwenye majani ya migomba. Unapakwa majivu, unaambiwa u mavumbi, ukitoka nje ya kanisa unayakanyaga. Katikati ya Kwaresima mvua inaanguka. Mkulima wa kahawa anajua jambo hapo: matumba ya maua hukaa yamefumba wakati wote wa ukame, na ukame huo yanauhitaji. Mvua ikipiga, baada ya siku nane hivi au kumi mibuni yote inakuwa myeupe, inanukia kama asmini, na siku mbili tatu tu maua yamekwisha kunyauka. Mtu aliyekaa kwenye ukavu wa maombi miezi kadhaa, akidhani Mungu amemwacha, ningempeleka akaone mti huo kabla sijamfungulia kitabu chochote.

Juma la Mateso nenda shamba la chini, ung'oe mche mmoja wa mahindi uliopandwa kama wiki mbili zilizopita. (Mmoja tu, baba asije akanilaumu.) Kung'uta udongo. Punje uliyoipanda bado imeshikamana na mizizi, ila ibonyeze kwa kidole: ganda, na maji meupe kidogo. Ile iliyokuwa ngumu hata jino halipiti imejitoa yote, haikubakiza kitu. Kisha soma Yohana 12:24, ukiwa umeishika mkononi: "Chembe ya ngano isipoanguka katika nchi, ikafa, hukaa hali iyo hiyo peke yake; bali ikifa, hutoa mazao mengi." Bwana alisema hayo saa yake ya kufa ikiwa imefika. Mfano aliutoa shambani, lakini aliyekuwa anaanguka ardhini ni yeye.

Hapa napiga breki. Wapo wanaohubiri kwamba ufufuo ni kama mgomba: unakatwa, chipukizi linainuka. Mimi siukubali mfano huo. Mgomba uliozaa ukikatwa umekwisha. Anayeinuka ni mtoto wake, naye atazaa mkungu mmoja na kukatwa. Masika ya mwaka huu yataisha, tutaingia baridi na ukungu wa Juni, mwakani tutaanza upya. Majira ni mzunguko. Kristo "akiisha kufufuka katika wafu hafi tena", Warumi 6:9. Hakuna shamba lolote Kilimanjaro linaloweza kukuonyesha hilo. Shamba linakupa lugha ya kulisemea, habari yenyewe uliipata kwa wanawake waliokwenda kaburini.

Wala usigeuze kila tukio la hewani kuwa barua yako. Mvua ikisomba mahindi ya jirani, usitafute dhambi yake. Mathayo 5:45 inasema Baba huwanyeshea wenye haki na wasio haki, na katika Luka 13 Yesu alikataa kabisa kuwahesabia hatia zaidi wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu.

Sasa mlima. Mnamo Mei 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, akitokea pwani, aliona weupe juu ya Kibo. Kiongozi wake wa safari aliuita "baridi", basi. Rebmann akatambua ni theluji. Baadaye akapumzika chini ya mti, akasoma Zaburi ya 111, ndiyo aliyokuwa amefikia, na aya ya 6 ikamgusa: Mungu akiwapa watu wake "urithi wa mataifa". Mlima ni uleule. Mmoja kasoma baridi, mwingine kasoma ahadi. Haikupita miaka hamsini wakaja wengine wenye bunduki, nao wakausoma "urithi" kwa namna yao. Uumbaji hauna ulimi wa kumkanusha anayeusoma vibaya. Zaburi ya 19 inakiri hivyo: mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu, lakini "hakuna lugha wala maneno". Ndiyo maana kuanzia aya ya 7 mtunzi anageukia sheria ya BWANA, penye maneno.

Zaburi ya 121 watu wengi huku kwetu huikatisha. "Nitayainua macho yangu niitazame milima", wanaishia hapo, wanaubandika mstari kwenye kalenda yenye picha ya Kibo. Kinachofuata ni swali: "Msaada wangu utatoka wapi?" Na jibu halisemi mlimani. Linasema kwa BWANA, aliyezifanya mbingu na nchi. Barafu ya Kibo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Msaada unaoyeyuka hivyo usingetufikisha mbali.

Kwa hiyo bibi yako anaabudu mlima? Kuelekea mahali si kuabudu mahali. Danieli alifungua madirisha kuelekea Yerusalemu. Wazee wetu walimwita Mungu Ruwa, neno lilelile la jua, na kanisa likalichukua jina hilo kwa Kichagga bila kumfanya mtu yeyote aabudu jua. Mwenzako aliyekuambia vile nadhani hajawahi kukaa na bibi huyo asubuhi. Kaa naye wewe. Usimhoji, mpelekee chai, umsikilize akiomba anamtaja nani. Akimaliza mpe shikamoo yangu, na umwombe akufundishe hayo maneno kwa Kichagga.