Kazi ya mkeo ilikuwa nzuri mpaka ya kwako ilipoisha

"Shangazi shikamoo. Mke wangu ni mhudumu wa ndege kwenye shirika kubwa, mwaka wa 9 sasa. Kwa mwezi namwona siku 12 tu, akirudi analala mchana kama mgonjwa, na akiwa hotelini usiku simu anazima. Hizo tiketi za familia wanazozisifia ni uongo mtupu, msimu wa sikukuu nilikwama uwanjani na watoto siku 2 tunaangalia ndege zinaondoka. Hata mama yangu aliwahi kupewa hiyo tiketi akakaa siti ya karibu na choo. Mama anasema mke wa mtu halali hotelini. Nimeshamwandikia barua ya kuacha kazi, kilichobaki ni yeye kusaini, ila anagoma, anasema ndo kwanza kazi imeanza kumnyookea. Nimshawishi vipi? NB: mimi kwa sasa niko nyumbani tangu ofisini walipopunguza watu. Mume Mpweke."

Marahaba mwanangu. Pole kwa upweke. Pole yenyewe imeishia hapo, sasa tuongee.

Mi barua zenu nasoma kuanzia chini, maana ukweli mnauficha kwenye NB. Miaka 9 mkeo anaruka, na miaka ya mwanzo ndo ilikuwa mibaya kuliko yote, lakini barua ya kuacha kazi umeiandika mwaka huu, mwaka ambao we uko nyumbani. Mwamba ngoma huvutia kwake, sawa, ila we umeivuta mpaka ngozi imechanika.

Ngoja nikueleze kitu ambacho nadhani unakijua ila umekiruka makusudi. Kwenye mashirika mengi makubwa ya ndege kila kitu kinaenda kwa foleni ya nani alianza kazi lini. Nani apate likizo sikukuu, nani aende safari nzuri, nani akae standbai na sanduku liko mlangoni anasubiri simu impigie saa 9 usiku, yote ni foleni. Mgeni anaokota mabaki. Anafanya kazi kila sikukuu, kila wikiendi, birthday za watoto anaziona kwenye picha. Alafu taratibu waliombele wanastaafu, wengine wanahama, na we unasogea. Sasa mkeo amesogea miaka 9, ndo anaanza kuomba safari anayoitaka na kuipata, anaweza kuomba zile za kwenda na kurudi siku hiyohiyo akalala kwake, na hapohapo we unampelekea kalamu asaini! Na ujue foleni hiyo haihamishiki, akiacha leo akaja kujuta mwakani akaomba shirika lingine anaanza mkiani kabisa nyuma ya mabinti wa miaka 21. Ndo maana anagoma. Hana mwanaume huko, ana hesabu.

Tiketi sasa. Hizo tiketi sio uongo, ni za kusubiri siti ibaki. Abiria aliyelipa anakaa kwanza, alafu wafanyakazi na familia zao wanagawana kilichobaki, na hapo pia kuna foleni. Ndege ikijaa unabaki. Kila familia ya watu wa ndege inajua msimu wa sikukuu husogelei uwanja na watoto labda uwe na hela ya kununua tiketi ya kawaida mfukoni kama akiba. Hukuandika kama mkeo alikukataza kusafiri siku zile. Mi nahisi alikukataza. Na mama kulalamikia siti ya karibu na choo, jamani, kuna watu wamelipia hiyo siti kwa bei kamili wamekaa kimya.

Hiyo ya simu ndo imenichekesha. Anazima simu kwasababu analala. Usingizi kwenye kazi ile ni sheria kabisa, Marekani kwa mfano tangu 2022 kanuni inataka mhudumu apate saa 10 za mapumziko mfululizo kabla ya zamu nyingine, na hazipunguzwi. Ndani ya hizo atoe muda wa kufika hotelini, kuoga, kula, kujiandaa tena. We unapiga saa 7 usiku kuuliza remote iko wapi.

Na simaanishi kazi yenyewe ni asali. Hewa ya mle ndani ni kavu vibaya mno, mgandamizo wake ni kama mtu aliyepanda mlima wa futi 6,000 mpaka 8,000, anasimama humo anasukuma toroli anatabasamu. Mwili haujui ni usiku wala mchana, na hizi kazi za usiku wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walishaziweka mwaka 2007 kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Malipo nayo yana ujanja, kwa mashirika mengi ya Marekani miaka yote saa ya kulipwa ilikuwa inaanza mlango wa ndege ukifungwa, yani wakati abiria wanapanda na kugombania pa kuweka mabegi ni kazi ya bure, shirika la Delta walianza kulipia muda huo 2022 tena kwa nusu ya malipo ya kawaida. Na usalama wa ajira usiniambie, mwaka 2020 tuliona wote ndege zimepangwa uwanjani kama mabasi mabovu na watu wanarudishwa makwao. Kwahiyo akilala mchana mwache alale, hajaugua, amechoka.

Ila nyie wanaume wa siku hizi mna tabia moja, na wanawake mnayo pia msijifiche. Mnapenda mshahara wa mwenzenu ila hamuipendi kazi iliyouleta. Zamani mashirika mengi kule Marekani yalikuwa yanamfukuza mhudumu siku anayoolewa, mengine yakimtoa akifika miaka 32, na wanawake walipigana miaka ya 60 mpaka sheria hizo zikafa. We umezifufua sebuleni kwako kwa karatasi na kalamu. Ndoa sio kukaa nyumba moja tu bwana, kuna watu wanalala kitanda kimoja kila siku hawajaongea tangu mwezi jana.

Haya. Hiyo barua chana leo kabla hajarudi. Rosta, yani ratiba ya zamu, ya mwezi ujao ikifunguliwa kaeni wote wawili kabla hajaomba, mwambie siku zipi za watoto unamtaka awepo, aombe hizo, hapo na yeye hana kisingizio maana foleni imemfikia. Akishuka mpe saa zake za kulala alafu ndo uanze mashtaka. Barua unayotakiwa kuandika ni ya kuomba kazi, jina lako chini.

Na mama akirudia maneno ya hoteli, muulize tiketi yake ijayo anaitaka au haitaki.