Kabla ya kuandika kwamba ini linazalisha zaidi

Nilipoanza kazi ya maabara nililisha sungura chakula chenye kolesteroli. Baada ya wiki kadhaa plazma yao, yaani sehemu ya majimaji ya damu, ilikuwa nyeupe kama maziwa, nami nikaandika kwenye daftari kwamba ini limeongeza uzalishaji wa chembe zinazobeba mafuta na kolesteroli kwenye damu. Msimamizi wangu aliikata sentensi ile kwa kalamu, akaniuliza, "Uzalishaji umeupimaje?" Sikuwa nimeupima. Nilikuwa nimepima kilichomo kwenye damu tu.

Damu ni kama pipa. Pipa likijaa, huenda bomba linamwaga zaidi, au tundu la kutolea maji limeziba. Sungura wa Watanabe, aina inayofugwa kwa utafiti, wamerithi kasoro ya vipokezi vya LDL, yaani protini za seli zinazonasa chembe za kolesteroli na kuziondoa kwenye damu, hivyo kolesteroli yao iko juu hata wakila chakula cha kawaida. Kwa mnyama anayelishwa kolesteroli, ini likishashiba hupunguza vipokezi vyake, na masalia ya chembe za utumbo na za ini yenyewe hukawia kuondolewa.

Lakini ini nalo hubadilika, na hapa ndipo penye utamu. Kila chembe ya VLDL, ile ambayo ini hutoa kupeleka mafuta kwenye damu, hujengwa juu ya molekuli moja tu ya protini iitwayo apoB. Protini nyingine, MTP, huipakia mafuta wakati ingali inatengenezwa. ApoB isiyopata mafuta ya kutosha huharibiwa ndani ya seli. Kwa kawaida shehena kubwa ni trigliseridi, mafuta ya kawaida ya mwili. Kolesteroli ikizidi, kimeng'enya ACAT2 huigeuza kuwa esta, yaani kolesteroli iliyounganishwa na asidi ya mafuta, nazo hupakiwa humo humo. Maini ya panya waliolishwa kolesteroli, yakitolewa mwilini na kupitishiwa kimiminika kwenye mishipa yake, hutoa VLDL yenye esta nyingi kuliko kawaida. Maana yake ni kwamba kolesteroli inayotoka inaweza kuongezeka bila idadi ya chembe kuongezeka. Kwa hiyo pima apoB pamoja na kolesteroli. ApoB ndiyo hesabu ya chembe.

Ukitaka kasi ya kutoa VLDL, mnyime mnyama chakula kwa saa kadhaa ili chembe za utumbo zipungue, kisha mdunge tiloksapoli kwenye mshipa. Dawa hii huzuia trigliseridi zisivunjwe, kwa hiyo hurundikana kwenye damu. Chukua sampuli kabla ya sindano, halafu mara kadhaa katika saa zinazofuata. Chora trigliseridi dhidi ya muda; mwinuko wa mstari ndio kasi yenyewe. Sampuli moja ya mwisho itakurudisha kwenye kosa langu.

Kama wanyama wako ni panya, usiichukulie apoB-48, umbo fupi la apoB, kuwa alama ya chembe za utumbo. Kwa binadamu na sungura ini hutoa apoB-100, umbo refu, lakini ini la panya hutengeneza zote mbili.

Na baada ya damu, usilitupe ini. Lipime uzito, ugandishe kipande mara moja. Utakapoulizwa esta zilikuwa kiasi gani ndani ya seli, hicho kipande ndicho kitakachojibu.