Kwa nini pioni na rho ni mesoni mbili tofauti?

Swali: Ninasomesha fizikia katika skuli moja ya Wete, Pemba. Katika jadweli niliyonayo, pioni chanya imeandikwa kuwa ni kwaki u na antikwaki d, na rho chanya nayo imeandikwa hivyo hivyo. Wanafunzi wanauliza: ikiwa vilivyomo ndani ni vile vile, vipi zikawa chembe mbili, na vipi rho ikawa nzito zaidi ya mara tano?

Jibu: Mwalimu, jadweli yako haikukosea, ila imekatisha maelezo. Aina ya kwaki ni sehemu moja tu ya kitambulisho cha mesoni, yaani chembe iliyoundwa na kwaki na antikwaki. Inatosha kukupa chaji, ambayo hapa ni theluthi mbili za u kujumlisha theluthi moja ya anti-d, lakini haitoshi kukupa chembe yenyewe. Lazima pia ujue spini (mzunguko wa asili wa chembe) za kwaki na antikwaki zimepangana vipi, na kama mbili hizo zina momenta ya kuzungukana. Katika pioni na rho momenta hiyo ni sifuri, kwa hiyo tofauti yote imo katika spini. Kwaki na antikwaki, kila moja ina spini ya nusu: zikikabiliana kinyume jumla ni sifuri, nayo ni pioni, zikielekea upande mmoja jumla ni moja, nayo ni rho.

Ama tofauti ya tungamo, ifanyieni hesabu ubaoni. Pioni ina takriban MeV 138 (MeV ni kipimo cha nishati kinachotumika pia kwa tungamo la chembe) na rho 775. Kwa kuwa spini ya moja ina hali tatu na spini ya sifuri ina hali moja tu, zidisha rho kwa tatu, jumlisha pioni, kisha gawa kwa nne. Utapata wastani wa 616, yaani 308 kwa kila kwaki. Fanya vivyo hivyo kwa kaoni (494), yenye kwaki s pamoja na u au d, na mwenzake wa spini ya moja, K* (892): wastani ni takriban 793, na ukitoa 308 unabakiwa na 485 za kwaki s. Sasa tazama: rho imepanda 159 juu ya wastani wake, lakini K* imepanda 99 tu, kwa sababu athari ya spini hupungua kwaki inapokuwa nzito. Uwiano wa 308 kwa 485, ukizidishwa na 159, ungetabiri 101. Kwa phi, ambayo ni s na anti-s, hesabu hiyo hiyo inatoa takriban 1034, na maabara imepima 1019. Kwa modeli nyepesi kiasi hiki, mimi naridhika.

Usiwaache tu wanafunzi wakadhani kwamba 308 ni tungamo la kwaki tupu. Kwaki u na d zenyewe zina MeV chache mno. Kilichobaki ni nishati ya gluoni, chembe zinazozifunga kwaki pamoja, na mwendo uliomo ndani. Na wepesi wa pioni una sababu ya ndani zaidi, ya ulinganifu, ambayo modeli hii haiifikii.

Wakikuuliza kuhusu eta (548), usiwatajie jozi moja ya kwaki. Ni mchanganyiko wa u na anti-u, d na anti-d, na s na anti-s, na eta-prime (958) ni mchanganyiko mwengine wa jozi hizo hizo. Phi haichanganyiki hivyo. Ni s na anti-s karibu yote, ndiyo maana mara nyingi huvunjika kuwa kaoni mbili, ingawa baada ya kuzilipia kaoni hizo nishati inayobakia ni takriban MeV 30 tu, na pioni tatu zingeiachia nafasi kubwa zaidi.