Amplifaya ya kwanza ilinitosha, nikanunua nyingine mbili

Kwenye amplifaya yangu ndogo ya hedifoni kuna nukta nyekundu ya rangi ya kucha. Niliiweka mwenyewe, kwa brashi niliyoichukua mezani kwa mke wangu bila kuomba, pale nobu ya sauti inapofika nikisikiliza muziki kwa kiwango ninachokipenda. Ukiichukulia nobu kama uso wa saa ya ukutani, nukta iko kwenye namba kumi. Mwisho wa nobu ni namba tano. Miaka yote hii sijawahi kuifikisha hata kwenye kumi na mbili.

Nukta hiyo niliikumbuka wiki iliyopita, kijana mmoja wa ofisini aliponifuata wakati wa chai, simu mkononi.

"Kaka, naomba ushauri. Nichukue hii au hii?"

Picha mbili za amplifaya za mfukoni, ya pili bei yake mara tatu ya kwanza. Nikamuuliza atachomeka nini humo. Akatoa mfukoni vispika vya masikioni vilivyokuja na simu yake. Nikamuuliza sauti ya simu huwa anaiweka wapi. "Nusu, kaka. Ikizidi hapo inaumiza." Nikamwambia hela hiyo akale chipsi kuku mwezi mzima. Hakuridhika, na simlaumu. Enzi zangu na mimi nisingeridhika.

Yangu ilianza na zawadi. Binamu yangu anayefanya kazi Muscat alikuja likizo na boksi la Beyerdynamic DT 990 Pro, toleo la omu 250. Hedifoni kubwa, za kufunika sikio lote, mgongo wake wazi kama chekecheke. Nilizichomeka kwenye simu, nikapandisha sauti mpaka mwisho, nikapata muziki wa mbali, kama harusi inayochezwa mtaa wa pili. Mimi msikilizaji wa dansi la zamani, rekodi ambazo nyingine zilipita kwenye kaseti mara tatu kabla ya kunifikia, sauti yake ndogo tangu mwanzo. Juu yake feni inazunguka, na jirani ana jenereta.

Sasa hapa nakuomba uvumilie hesabu kidogo, maana ndiyo ingeniokolea hela. Hedifoni huwa na namba mbili za maana: ukinzani wake kwa omu, na sauti inayotoka ukizipa miliwati 1. Zangu ni omu 250 na desibeli 96. Miliwati 1 kwenye omu 250 inataka nusu volti. Simu yangu ya wakati ule ilikuwa inatoa karibu nusu volti hiyo hiyo ikiwa mwisho kabisa (nilikuja kuipima baadaye kwa mita ya fundi). Kwa hiyo dari langu lilikuwa desibeli 96, tena kwa vilele tu, pale ngoma inapopigwa kwa nguvu. Muziki wenyewe unakaa desibeli 15 au 20 chini ya hapo, na rekodi hafifu inashuka zaidi. Kila ukizidisha volti mara mbili unaongeza desibeli 6. Volti 1 ingenipa 102, volti 2 zingenipa 108. Tatizo langu lilikuwa la kweli, na dawa yake ilikuwa volti mbili. Basi.

Volti mbili hizo nilizitafuta Kariakoo siku mbili. Ukisema amplifaya Mtaa wa Aggrey unaonyeshwa za gari, ukisisitiza ndogo unaonyeshwa za pikipiki. Muuzaji mmoja alinihakikishia kwamba ninachotaka hakipo duniani. Mwishowe kijana mmoja anayeagiza mizigo China aliniletea FiiO A3, kampuni ya Guangzhou, mji ambao wafanyabiashara wa Kariakoo wanaujua kuliko Dodoma. Nyembamba, ya bati gumu, inatosha kiganjani. Ina nobu, swichi ya geini (ya kuchagua ikuze kidogo au sana), swichi ya besi, na betri yake mwenyewe.

Betri hiyo watu huidharau, mimi ndiyo iliyonifurahisha kuliko yote. Chaja ya laptop yangu haina waya wa ardhi, na ukiwa umeichomeka, hedifoni zinanguruma "mmmm" ya chini chini usiku kucha. Kwa amplifaya ya betri na simu, hakuna mngurumo. Umeme ukikatika, muziki unaendelea. Nakumbuka usiku mmoja wa giza, watoto wamelala, nimekaa barazani na ile hedifoni, waya wake wa kujiviringa kama springi ukiivuta amplifaya kidogo kidogo mpaka ikaanguka mezani. Nilisikia gitaa la pili kwenye wimbo ambao nimeusikiliza tangu nikiwa shule ya msingi. Nilikuwa sijui kama lipo.

Ningeishia hapo. Miezi mitatu baadaye nikaanza kusikia kasoro.

Herufi "s" zilikuwa zinanichoma. Mwimbaji akisema "sasa", ilikuwa kama mtu anakwaruza sufuria. Usiku wa manane nikawa naangalia video za wachambuzi, na kila mmoja ana amplifaya "yenye joto", "yenye sauti laini", "inayofungua jukwaa". Hakuna hata mmoja aliyetaja desibeli. Nikauza redio ya gari, nikaongeza akiba, nikanunua ya pili kwa zaidi ya mara mbili ya bei ya kwanza. Jina lake nalihifadhi.

Jioni ya kwanza niliapa kwamba ni kitu kingine kabisa. Besi nene, sauti zimesogea mbele. Nilimwita mke wangu aje asikie, naye akasikiliza kidogo, akazivua.

"Baba Zuhura, hii si umeongeza sauti tu?"

Ilinichukua wiki mbili kukubali kwamba alikuwa sahihi. Nilimwazima fundi wa redio mita yake, nikacheza toni ya hezi 100 kutoka kwenye laptop, waya wa matawi mawili ukilisha amplifaya zote mbili, nikapima volti kila upande. Pale nilipokuwa nimeziweka "sawa" kwa sikio, ya kwanza ilikuwa inatoa volti 0.42 na ya pili 0.50. Tofauti hiyo ni desibeli moja na nusu. Sikio halikuambii kwamba imeongezeka sauti. Linakuambia kwamba muziki umekuwa mtamu. Dukani ukishindanisha vitu viwili bila mita, kilichopandishwa kidogo ndicho kitakachokwenda na wewe nyumbani.

Nikazisawazisha, zote 0.42. Mke wangu akanifunga macho kwa kanga, akawa anarusha sarafu ya shilingi mia mbili: simba, anachomeka ya kwanza, upande wa pili, ya pili. Mara kumi na mbili. Nilipatia saba. Sarafu yenyewe ingekaribia kupatia sita. Zuhura, aliyekuwa anaandika matokeo kwenye daftari lake la hisabati, aliniuliza kama nimefaulu.

Ungedhani nilikoma. Ile ya pili ilikaa kwenye chaja wiki nzima nikiwa safarini, niliporudi nikakuta kifuniko kimenyanyuka, betri imevimba kama andazi. (Ukiona hivyo usiichaji tena, na usiitoboe kuona kuna nini ndani. Betri ya lithiamu haina utani.) Mtu mwenye akili angerudi kwenye ya kwanza, iliyokuwa imelala kwenye droo ikiwa nzima. Mimi niliona nimepata sababu. Nikanunua ya tatu, yenye tundu la balansi la milimita 4.4 (kila sikio linapata waya zake mbili peke yake), kwa sababu watu wote wa video walikuwa wamehamia huko. Kisha nikagundua kwamba waya wa DT 990 Pro hauchomoki, na ncha yake ni ya kawaida. Ili kulitumia tundu nililolilipia, ilibidi zikatwe waya hedifoni ambazo binamu alizibeba kutoka Oman. Nilifika kwa fundi, amewasha pasi ya kuchomelea, akaniuliza: "Hizi si zinaimba vizuri, bosi?" Nikazirudisha kwenye mfuko.

Zile "s" bado zilikuwa zinachoma, kwenye amplifaya zote tatu. Hapo ndipo ningepaswa kuanzia. Hedifoni hizi zimeundwa hivyo, zinanyanyua sana sauti za juu, karibu na hezi 8,000, na kuna watu wa studio wanaozipenda kwa sababu hiyo hiyo, maana zinafichua kila kitu. Sikio langu ndilo lililoona zimezidi. Nikaweka programu ya Wavelet kwenye simu, ya bure, nikashusha desibeli tano eneo hilo kwa ekwalaiza. Ilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Mwimbaji akasema "sasa", na ikawa sasa. Amplifaya iliyotengenezwa sawasawa inakuza ilichopewa. Haina namna ya kujua kwamba wewe hupendi "s".

Baada ya hapo nilibadilisha pedi za masikio, zilizokuwa zimelala kama godoro la hosteli. Pedi zikilala sikio linakaribia spika, na sauti inabadilika. Nazo niliziona ni tofauti kubwa kuliko amplifaya zote mbili nilizoongeza, kwa hela ndogo.

Kwa hiyo kama unaingia kwenye mambo haya, usianze na amplifaya. Anza na sauti ya simu yako. Tafuta wimbo ulio hafifu kuliko yote uliyonayo, siyo wa sasa unaopiga kelele, uuchezeshe. Ukiupata vizuri bila kufika mwisho, huna tatizo la nguvu. Ukifika mwisho na bado unakodoa masikio, nunua adapta ya USB-C yenye tundu la hedifoni kwanza. Nyingi zinatoa karibu volti 1, bei yake haiumi, na siku hizi simu nyingi hazina tundu hata hivyo. Angalia tu isije ikawa moja ya zile ambazo kwenye Android zinatoa sauti pungufu. Ijaribu na simu yako pale pale dukani. Adapta ikishindwa, ndiyo tuongee amplifaya, na hapo ya bei ya chini inayoaminika itakutosha.

Sisemi kwamba amplifaya za nguvu hazina kazi. Kuna hedifoni za HiFiMan HE-6, omu 50 tu, ambazo mtu akisoma omu peke yake anadhani ni nyepesi. Miliwati 1 inazipa desibeli 83.5. Ili zifike kilele cha desibeli 110 zinataka karibu miliwati 450, wakati zangu kufika hapo hapo zinataka kama 25. Mwenye hedifoni za namna hiyo ana haki ya kutafuta nguvu. Na kuna upande wa pili: vispika vya masikioni vyenye usikivu mkubwa mno, ambavyo kwenye amplifaya ya nguvu vinakupa "shhhh" hata muziki ukiwa umesimama. Huyo anahitaji amplifaya tulivu, na yenye ukinzani mdogo wa kutolea, yaani omu za amplifaya yenyewe kwenye tundu lake. Kwa vispika vya omu 16, usizidi omu 2, la sivyo besi na sauti za juu zinabadilika bila mtu kugusa kitu.

Swichi ya geini iache chini. Niliisahau juu usiku mmoja, asubuhi nikachomeka vispika vidogo nikiwa kwenye mwendokasi. Masikio yalinipigia filimbi toka Kimara hadi Magomeni, na abiria wa jirani aliuliza kama naumwa. Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima. Kila ukiongeza desibeli 3, saa zinagawanyika kwa mbili: kwa 83 ni saa 20, kwa 92 ni saa mbili na nusu kwa wiki nzima. Hizo volti za ziada tunazozililia zinakwenda huko.

Ya kwanza ndiyo ninayotumia mpaka leo. Ya tatu ipo kabatini, kwenye boksi lake, na karatasi ya plastiki ya juu sijaibandua. Haijawahi kuvuka geini ya chini, tundu la 4.4 halijawahi kuingizwa kitu. Inauzwa. Mwenye HE-6 atapewa kipaumbele. Mwenye vispika vilivyokuja na simu, simuuzii.