Maua ya uani na dawa ya saratani

SWALI: Mwanangu ana saratani ya damu, anachomwa vinkristini hospitalini. Shemeji yangu amesoma kwamba dawa hiyo inatokana na ule mmea wa maua ya rangi ya waridi yenye petali tano tulioupanda uani. Kuna mtu anauza unga wake, anasema maabara imethibitisha unazuia seli za saratani kugawanyika. Tumpe mtoto? – Mama, Tanga

JIBU: Msimpe, mama. Kama ameshakunywa, mwambieni daktari wake leo hii.

Alichosoma shemeji yako ni kweli, ila hakusoma habari ya vipimo. Gramu moja ya vinkristini hutaka mamia ya kilo za majani makavu, na mwanao huchomwa miligramu moja au mbili tu, kwa kadiri ya ukubwa wa mwili wake. Seli inapogawanyika hujenga nyuzi za protini za kuvutia kromosomu pande mbili. Dawa hii huzuia nyuzi hizo zisijengeke. Neva nazo zinazitegemea nyuzi za aina hiyo, ndiyo maana vidole vya mtoto hufa ganzi na choo kinakuwa kigumu hata kwa dozi sahihi. Kwenye unga nani amepima? Na majani yana kemikali nyingine nyingi, zikiwemo za sumu.

Hilo la "maabara imethibitisha" ndilo linalonichosha. Kuzuia seli zisigawanyike ndani ya kisahani si kazi, hata jiki inaweza. Mwaka 1999 watafiti wa Harvard walichuja kemikali 16,320 wakapata monastroli, inayozuia Eg5, protini inayotenganisha ncha mbili za zile nyuzi. Ilitarajiwa kwamba dawa za njia hiyo zingeziacha neva salama. Ispinesibu, dawa iliyolenga protini hiyo hiyo, ilifanya vizuri maabara. Kwa wagonjwa matokeo yakawa hafifu. Na hao watafiti walikuwa na mashine, fedha na miaka ya kazi, sembuse muuza unga.

Kwa hiyo yeyote anayekuuzia unga, chai au matone ya saratani, muulizeni: wagonjwa wangapi walipewa, kwa dozi gani, na chembe zao nyeupe za damu zilishuka kiasi gani? Hatakuwa na jibu. Sisi hospitalini tunawapokea watoto walioachishwa sindano wakapewa unga wa namna hiyo, wakarudi na ugonjwa umesambaa, na hii ni saratani ambayo watoto wengi huipona wakiwahi na kumaliza dozi zote.